Usiniletee Saruji

Yeremia mwanangu,

Umelala. Nakusikia unavyokoroma, baba yako mtupu, ingawa ukiambiwa hivyo utanuna. Kesho asubuhi lori litasimama pale Mlowo, utapanda na wenzako, na mimi nitasimama na wanawake wengine nipunge mkono kama mtu mwenye akili zake. Kwa hiyo nilicho nacho nakisema sasa, tena kwa kalamu, maana mdomo wangu unaujua. Mdomo wangu ukianza kueleza unaishia kugombana.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia ujihadhari na pombe ya watu usiowajua, wala useme jina lako vizuri kwa mkandarasi ili karani asiliharibu. Hayo baba yako amekuambia wiki nzima mpaka ukaanza kuitikia kabla hajamaliza. Mimi nataka kujibu neno ulilosema jioni hii tulipokuwa tunakula. Ulisema, "Mama, nikirudi kutoka migodini nakuletea saruji. Bati unalo, imebaki sakafu." Hapo ungenyamaza ungekuwa umenifurahisha. Lakini ukamtazama baba yako kwa jicho lile lako, ukaongeza, "Mwenye nyumba ameuza mtu ili apate paa, lakini chini bado anakanyaga vumbi."

Baba yako akaendelea kula. Nilimwona mkono wake ulivyosita juu ya ugali, halafu ukaendelea. Nami nikanyanyuka nikaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Basi jibu lako ni hili. Saruji usiniletee. Na aliyemuuza dada yako si baba yako. Ni mimi.

Wewe ulikuwa mdogo wakati huo, unashinda na mbuzi huko mabondeni, ukirudi unakula na kulala. Nyumba yetu ilikuwa hii hii, kuta hizi hizi. Matofali alifyatua baba yako mwenyewe, mabichi, akayaanika juani msimu mzima. Siku ya kuinua kuta watu walikuja kusaidia, tukawapa togwa kwa sababu sisi ni watu wa kanisa na pombe hatupiki, nao wakanywa togwa yetu huku wakinung'unika kwamba nyumba ya namna hii itakuja kuanguka kwa kiu. Tulicheka sana siku ile. Juu tukaezeka nyasi, kama kila mtu.

Nyasi haikuwa na ubaya wowote. Nataka ulijue hilo. Ilivuja pale mchwa walipokula fito, ndiyo, na panya walikuwa wanakimbizana usiku kucha. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili baba yako alipanda juu akabadilisha upande mmoja. Tulikuwa tunaishi.

Halafu akaja mwinjilisti kutoka misheni, nasi tukapewa heshima ya kumlaza. Nilichinja jogoo. Nikatandika shuka jeupe nililokuwa nimelificha tangu harusi yangu. Usiku mvua ikanyesha ile ya Mbozi unayoijua, na paa likavuja, wapi? Juu ya kitanda chake hasa. Asubuhi akatoka nje akiwa amelowa, akasema mbele ya watu, "Mama Tabita, jana nimebatizwa mara ya pili." Alikuwa anatania. Mtu mwema yule. Watu wote wakacheka, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yale hayakuwa ya kicheko.

Tangu siku hiyo wageni wa kanisa wakawa wanapelekwa kwa Mama Elina. Mume wake alikuwa amerudi kutoka migodini na mabati. Kila Jumapili tukitoka ibadani Mama Elina alikuwa anasimama mlangoni anakaribisha watu: "Karibuni kwangu, kwangu hakunyeshi." Loo! Nilikuwa narudi nyumbani na kuanza kugombana na sufuria.

Nikamwambia baba yako nataka bati. Hakukataa. Watu wanadhani baba yako ni mtu wa kukataa kwa sababu ananyamaza sana, lakini yeye alikuwa na mpango wake. Alisema kila tukiuza kahawa tununue mabati machache tuyaweke ndani, msimu ujao mengine, mpaka yatimie. Mimi nilimcheka. Nilimwambia, "Tutakufa tumelalia mabati uvunguni, na watoto watatuzikia ndani yake." Nilisema hivyo mbele ya kaka yake. Hakurudia tena neno hilo.

Mwenye duka wa Mlowo alikuwa tayari kutupa mabati yote siku ile ile, na sisi tumpe kahawa ikiiva, kwa bei atakayosema yeye. Mimi niliona ni jambo jema sana. Baba yako alisema kahawa ambayo bado iko mtini hawezi kuiita yake, na hapo alisimama kama mlima, sikumpata. Akasema basi atakwenda huko Mkwajuni kwenye dhahabu, achimbe msimu mmoja au miwili. Nikakataa mimi. Nilisema waliokwenda wanarudi na kikohozi. Kweli walikuwa wanarudi na kikohozi, lakini sababu yangu haikuwa hiyo. Huko machimboni kulikuwa na wanawake, na mimi nilikuwa na wivu. Sasa nikufiche nini?

Unaona tulivyofika. Kidogo kidogo ni aibu, kahawa hataki, machimboni sitaki. Ikabaki njia moja, ile ambayo haikumgharimu mtu yeyote kati yetu wawili tuliokuwa tunabishana.

Shemeji yako alikuja kutoka Ndalambo msimu huo huo wa mavuno. Mtu mzima, ana ng'ombe, anacheka kwa sauti. Alimwona dada yako Tabita akiuza maharage Mlowo. Mshenga wake alipotaja ng'ombe watakaotolewa, mimi nilikuwa nyuma ya mlango nasikiliza, na nikwambie ukweli wa Mungu, sikuwaza ng'ombe. Nilimwona Mama Elina amesimama mlangoni kwake hana wa kumkaribisha.

Wewe umekua bila zizi, kwa hiyo huenda hakuna aliyekueleza sawasawa. Ng'ombe wa msichana hawaliwi. Wanakaa, wanazaa, na kaka yake akishakua wanatoka kwenda kumletea mke. Hilo unalijua, ndilo linalokupeleka chini ya ardhi kesho. Lakini wanakaa pia kwa sababu nyingine ambayo wazee hawaitaji siku ya sherehe. Binti akionewa huko alikokwenda, ng'ombe wanarudi kwa wenyewe, naye anarudi kwao. Wakiwa zizini anajua anaweza kurudi. Mume wake naye anajua.

Baba yako alisema, "Hawa si wetu. Ni wa watoto." Nikamjibu kwamba ng'ombe wanakufa, bati halifi. Nikamtajia jirani ambaye homa ilimmalizia zizi lote. Nikasema Yeremia bado mtoto, akifika kuoa kahawa itakuwa imezaa, tutamlipa. Nilikuwa na jibu la kila kitu. Tabita alikuwa amekaa pale chini anachambua maharage, hakuinua kichwa. Akauliza polepole tu, "Na mimi nikirudi, mtawapa nini?"

"Ebo! Hujaenda unauliza kurudi? Unataka kunitilia nuksi?" Ndivyo nilivyomjibu. Akaendelea kuchambua. Baba yako akatoka nje. Nikajua nimeshinda.

Ng'ombe wakauzwa. Mabati yakaja na lori mpaka Mlowo, na kutoka hapo tukayabeba kichwani, wanawake kwa wanaume, tunaimba, yanalia huku na huku. Nilipita makusudi njia ya kwa Mama Elina ingawa ni ndefu. Fundi alipomaliza, jua likapiga juu, paa likang'aa hata ukiwa mbali barabarani unaliona. Mvua ya kwanza iliponyesha kelele zilikuwa kubwa hatukusikizana, nami nikakaa kitandani nacheka peke yangu kama mwehu.

Unajua mwinjilisti alilala hapa mara ngapi? Hajalala. Shemeji yako alikataa kufunga ndoa kanisani, mimi nikasema si kitu, watafunga baadaye. Wazee wa kanisa wakaniondoa kwenye meza ya Bwana kwa kumwoza binti wa kanisa bila kanisa. Mgeni wa misheni angelalaje kwa mtu aliyetengwa? Wakaendelea kupelekwa kwa Mama Elina. Mimi na bati langu tukabaki tunatazamana.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hulijui, maana ulikuwa shuleni, unalala huko huko misheni.

Mwaka wa pili, mvua zikiwa kali, Tabita alitoka Ndalambo kwa miguu. Alifika hapa usiku. Alibisha, akaita, akaita tena. Mvua inapiga bati, ndani hatusikii kitu. Nilipofungua mlango asubuhi nimebeba maji machafu ya kumwaga, karibu nimmwagie. Alikuwa amejikunja pale pembeni ya mlango, mkono mmoja umevimba kuanzia kiwiko mpaka vidole. Nikapiga kelele, "Mayo wee! Mwanangu!" Akanitazama, akasema, "Niliwaita." Basi. Katika nyumba ya nyasi ningemsikia hata angenong'ona.

Shemeji yako hakuchelewa. Alikuja na ndugu zake, shauri likapelekwa barazani. Hakumlilia mke, hakuomba msamaha wa mkono ule. Alisema waziwazi, "Mwanamke simng'ang'anii. Nirudishieni ng'ombe wangu, mkae naye." Yaani mlango ulikuwa wazi, mwanangu! Tungekuwa na zizi Tabita angebaki nyumbani siku ile ile. Baba yako akasimama, akasema hana ng'ombe, lakini achukue mabati yote. Yule bwana akamwambia, "Mabati yako yana matundu ya misumari. Ng'ombe wangu hawakuwa na matundu." Wanaume wakacheka. Baba yako alibaki amesimama katikati ya kicheko kile, kofia iko mkononi.

Baraza likasema mwanamke arudi kwa mumewe mpaka ng'ombe wapatikane. Baba yako akaomba muda. Akasema Tabita abaki nyumbani apone, naye azunguke kwa ndugu zetu, hata wa ng'ambo ya mpaka, akusanye mmoja hapa, mmoja pale. Mzee wa baraza alikuwa karibu kukubali. Mimi ndiye niliyesimama. Nilisema hakuna haja, mwanangu ataondoka leo, wanawake wote tunavumilia.

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza miaka yote hii na jibu ni lile lile, na linanuka. Niliogopa kwamba baba yako akikosa ng'ombe atatafuta mtu wa kununua mabati, na watu watapanda juu wayang'oe mchana kweupe, na Mama Elina atasimama njiani atazame. Hilo tu. Mkono wa mwanangu umevimba kama mguu, na mimi nawaza Mama Elina.

Baba yako ndiye aliyemsindikiza. Aliporudi alikuwa amezeeka. Nikamwambia ukija likizo tusikusimulie mambo ya baraza, na ukiuliza habari ya ng'ombe, aseme yeye ndiye aliyeamua. Nilimwambia mtoto wa kiume akimchukia mama yake anaharibika, lakini kumchukia baba ni jambo la kawaida. Unaona maneno yangu yalivyo matamu? Akakubali. Ukauliza, akakujibu, "Ndiyo, mimi." Tangu hapo humwiti baba, unamwita "mzee huyu". Unamwamkia kama unavyomwamkia karani wa kodi. Naye anaitikia marahaba, anakwenda shambani. Na mimi nakupakulia chakula nakuona mtoto mwenye msimamo. Nilikuwa mtu wa namna gani?

Najua utakuja kuwa na nyumba yako, na utataka kuipendezesha. Taka tu. Kutaka paa zuri si dhambi. Lakini siku ikifika ya kuamua mtalipaje, tazama nani amekaa hapo mnapoamua, na tazama nani yuko pembeni anachambua maharage. Kama anayelipa ni yule wa pembeni, ondokeni, laleni chini ya nyasi. Hicho ndicho kitu peke yake nilichojifunza katika maisha yangu, na nimejifunza kwa ngozi ya mtu mwingine. Mabati ya baba yako, yale ya kidogo kidogo niliyomchekea, yangekuwa yametimia zamani. Nimepiga hesabu zaidi ya mara moja. Yangetimia hata wewe ukiwa bado shuleni.

Mwezi uliopita, niliposema nakwenda kumtazama shangazi yako, nilikwenda Ndalambo. Tabita amekonda. Hakujaliwa mtoto, na yule bwana ameoa mwingine, kwa hiyo dada yako ndiye anayemchotea maji mke mdogo. Nilikuwa nimembebea kahawa na mahindi mabichi. Akanipokea vizuri, akanipa kigoda, akanipikia. Wakati wa kuondoka alinisindikiza hatua chache, akasema, "Mama, usije tena mikono mitupu. Ukija ukaondoka hivi hivi, wanabaki wananicheka." Nilitaka kumwambia si mitupu, nimeleta mahindi. Asante Mungu nilinyamaza kwa mara ya kwanza.

Nimerudi nikaamua. Mwenye duka wa Mlowo anajenga ghala, anakubali kuchukua mabati haya na matundu yake. Bei yake ni ya kuonea, lakini ghalani kwake hakuna atakayetazama juu. Nilipomwambia baba yako, nilijiandaa kwa maneno ya miaka yote hiyo. Stahili yangu. Alichukua mundu akatoka. Zile nyasi zilizorundikwa nyuma ya kahawa, ambazo jana ulimuuliza kwa dharau za nini, naye akakujibu ni za kutandaza shambani, ni za paa. Anazikata tangu juma lililopita.

Mafundi wanakuja kesho, lori lenu likishaondoka. Sikutaka uone. Barua hii nimeikunjia ndani ya blanketi lako, utaikuta ukiwa umeshavuka Tunduma. Ni woga, ndiyo. Kesho utaagana na baba yako kwa kumpa ncha za vidole, nami nitaona na nitanyamaza, maana sijui nitawezaje kuyasema haya nikiwa nakutazama machoni.

Mabati hayatatosha. Yatarudisha ng'ombe wachache, wengi watabaki. Kahawa tutaweka yote. Kinachopungua nakuomba wewe. Najua ninachoomba. Ng'ombe wa kwanza walikuwa wa kukuolea, nikawala. Sasa nakuomba hao wa pili, ambao bado hujawapata, ambao utawachimba gizani kwa mikono yako, uwatoe kabla hujaoa, ili dada yako atoke. Ukikataa una haki, na sitakulaani wala kukulilia kwa watu. Ukikubali, utakuwa umelipa mara mbili nyumba ambayo hukuiomba hata mara moja.

Lakini ukikubali, nina neno moja. Fedha ukiipata, iwe kwa posta au kwa mkono wa mtu anayerudi, usiitume kwangu. Mimi nimeshaonyesha ninavyoitumia. Andika jina la baba yako, itume kwake, na chini yake andika kwa mkono wako: "Baba, shikamoo."

Mama yako